Gesi ya Mdogo Wake

Katika jiko la shule ile ya bweni hapakuwa na mtu wa kumbishia mpishi mkuu. Wanafunzi walimwita Mama Mwiko, na wakimwona anatoka mlangoni na mwiko wake mrefu, hata wale watukutu walikaa kwenye mstari. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia kwenye moshi. Sufuria ya maharage ya watu mia nne aliijua kwa kuisikiliza tu. Bila kufunua mfuniko, angekuambia kama maji yamebaki vidole viwili au vitatu.

Kitu ambacho wasichana wake wa jikoni hawakukijua ni kwamba zamani alikuwa akiongoza darasa zima kwa hesabu. Alipokuwa kidato cha pili, baba yake alipooza upande mmoja. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali, kazi ya zamu. Mdogo wake wa kike, pekee aliyekuwa naye, alikuwa na miaka mitano. Kulitakiwa mtu wa kumgeuza mgonjwa, kumlisha na kumwosha. Hakuna aliyemwambia aache shule. Asubuhi moja hakwenda, ya pili hakwenda, na sare yake ikabaki msumarini mpaka ikawa haimtoshi tena. Baba aliishi miaka sita. Alipozikwa, binti alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na madaftari yake yalikuwa yameliwa na mchwa.

Mdogo wake ndiye aliyesoma. Alipanda madarasa kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwao, bila kutazama chini. Akamaliza shahada ya kwanza, akamaliza ya pili, na akiwa na miaka thelathini na minne akaanza ya uzamivu. Siku moja akaingia jikoni kwa dada yake na kabrasha kwapani.

"Dada, nimechagua jiko lako kwa utafiti wangu."

"Jiko la shule hili, si langu."

"Nimezunguka majiko saba. Hakuna mtu anayetenga makombo na maganda kwa mpangilio kama wewe. Kwingine kote ni vurugu tupu."

Zilikuwa sifa za kweli, na zilimchoma. Alijisikia kama mtu anayesifiwa kwa kufagia vizuri njia atakayopita mwenzake.

Basi yakaja matangi mawili makubwa ya plastiki, yakasimikwa nyuma ya jiko. Ndani yalilishwa maganda, ukoko na mabaki ya sahani, vyote vimesagwa na kukorogwa na maji. Bakteria wakala, na kutokana na kula kwao ikatoka gesi. Kila tangi lilikuwa na pampu ndogo iliyoivuta gesi ile kupitia bomba la mpira, ikaisukuma kwenye mfuko mkubwa, na kutoka mfukoni ikaja jikoni. Kuwaka iliwaka. Taabu ilikuwa uchafu wake. Ilinuka mayai viza, iliwaumiza wapishi vichwa, na ndani ya miezi mitatu ilikuwa imelila jiko la chuma kama kutu ya miaka kumi. Kuisafisha gesi hiyo kwa njia ambayo jiko lolote lingeiweza, ndiyo ilikuwa kazi yote ya mdogo mtu. Alijaza chujio kwa vumbi la chuma kutoka kwa wachomeleaji, akaipitisha gesi humo. Harufu ilipungua wiki moja, kisha ikarudi. Kipimo chake cha uchafu kilipotakiwa kusoma chini ya mia mbili, kilisoma elfu mbili.

Mama Mwiko alimtazama akihangaika, na lazima isemwe wazi: aliburudika. Kila chujio liliposhindwa, donge lililokaa kifuani mwake lililegea kidogo. Halafu alijichukia, na asubuhi yake akamwekea mdogo wake kiporo kizuri cha wali.

Mambo yaliharibika Jumapili moja, mama yao alipokuja kuwatembelea. Bibi kizee alikaa kwenye benchi la jikoni, Mama Mwiko akamtilia chai, akamkatia mkate. Mdogo akaingia na koti lake jeupe lenye madoa. Mama akasogea haraka kumpisha.

"Daktari! Umekonda. Umekula kweli?"

"Mama, sijawa daktari bado."

"Kwangu umeshakuwa. Watu wa mtaani wote nimewaambia." Akapuliza chai yake, akasema kwa furaha, bila ubaya wowote, "Walau mmoja wenu amenitoa kimasomaso."

Mama Mwiko alikuwa bado ameshika birika. Akamwongezea mama chai, kikombe kikafurika, ikamwagika kwenye sahani. Hakuna aliyemtazama usoni.

Kesho yake, Jumatatu, baada ya uji wa asubuhi, alikwenda nyuma ya jiko na kisu cha mezani. Alhamisi msimamizi wa utafiti angekuja na maprofesa wawili kukagua kazi. Mdogo alikuwa amemwonya kila mtu kuhusu klipu iliyobana bomba karibu na pampu ya tangi la kwanza: isiguswe. Mama Mwiko akaiingiza ncha ya kisu kwenye skrubu, akailegeza nusu mzunguko. Alitaka moto uwe hafifu. Alitaka, mara moja tu maishani, amwone yule mtoto amesimama mbele ya watu hana la kusema.

Jumanne hakikuonekana kitu. Jumatano harufu ya mayai viza ikatoweka. Na Alhamisi, maprofesa wakiwa wamezunguka na kalamu zao, mdogo akachomeka kipimo kwenye bomba, akakitikisa kama kimeharibika, akachomeka tena.

"Tisini," alisema.

Msimamizi, mzee mkavu asiyejua kucheka, akacheka. Wakapeana mikono. Mdogo akamrukia dada yake, akamkumbatia na aproni yake ya mafuta. "Dada, imekubali! Imekubali!" Mama Mwiko akasimama kama gogo. Alikuwa amemrushia jiwe, na jiwe limegeuka embe mkononi mwa mrushiwa. Jioni hiyo alisikia mama yao akishangilia kwenye simu, na akasonga ugali kwa nguvu hata msichana mmoja akamwuliza kama ugali umemkosea nini.

Furaha ile haikudumu wiki mbili. Mdogo alijaza vumbi lile lile la chuma kwenye chujio la tangi la pili, kwa vipimo vile vile, na kipimo kikasoma elfu moja na mia sita. Akarudia. Ikawa vile vile. Akapeleka gesi ya tangi la kwanza chuoni kuchunguzwa, akarudi amekunja uso.

"Kuna hewa humu," alisema. "Hewa ya nje. Inaingilia wapi?"

Akamwita fundi bomba aliyefunga mitambo, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akamsimamisha mbele ya wapishi wote.

"Fundi, nilikwambia hili bomba lisiingize hewa hata chembe."

"Binti yangu, nilikaza kwa mkono wangu."

"Basi mbona linavuta hewa? Kazi yangu yote umeniharibia. Chuoni nitawaambia wasikupe kazi tena."

Fundi alipiga magoti, akaanza kupapasa klipu moja baada ya nyingine. Mama Mwiko alikuwa akimenya viazi. Alimenya kimoja, akamenya cha pili mpaka kikabaki kama punje. Akakiweka kiazi chini.

"Mwache fundi. Ni mimi."

"Wewe nini, dada?"

"Klipu ya karibu na pampu. Niliilegeza mimi, kwa kisu."

Mdogo akaangalia kisu kilichokuwa mkononi mwa dada yake, kisha uso wake. "Ulikuwa unajaribu nini?"

"Nilikuwa najaribu uaibike."

Fundi akainuka taratibu, akajipangusa magoti, akaenda zake. Mdogo alisema kwa sauti ndogo.

"Unajua hewa ikizidi mle ndani inakuwa bomu? Wewe ndiye unayesimama pale na kiberiti. Na hawa wasichana."

Hakujua. Wallahi hakujua. Katika mahesabu yake yote alikuwa ameuona uso mmoja tu, wa mdogo wake mbele ya wageni. Nyuso za wasichana wake hakuzitia. Akakaa kwenye gunia la viazi.

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako," mdogo alisema, akachukua kabrasha lake akaondoka.

Siku sita hakuonekana. Mama Mwiko aliikaza klipu, akapikia kuni, na akaendelea kuyalisha matangi kwa saa na vipimo kama alivyoelekezwa. Alimtafuta fundi mpaka kwake akamwomba radhi, na fundi akamjibu kwamba yeye ana dada watatu, kwa hiyo anaelewa.

Siku ya saba mdogo aliingia na daftari. Hakusalimu.

"Ulilegeza kiasi gani?"

"Nusu mzunguko."

"Kamili, au karibu?"

"Kamili. Mfuo wa skrubu ulikuwa na alama ya rangi upande mmoja. Alama ilikuwa inatazama ukuta, nikaiacha inatazama mlango."

"Moto ulibadilika lini?"

"Jumatano. Harufu ilikwisha, na ukali ukapungua kidogo. Uji ulichelewa kuchemka dakika nne."

Kalamu ikasimama. "Dakika nne? Ulipima?"

"Mimi hupima kila kitu. Ila sijawahi kuulizwa."

Mdogo alikwenda nyuma, akalifungua bomba pale kwenye klipu. Ndani palikuwa na unga wa njano, laini kama unga wa mahindi. Akamwita dada yake aje auone. Ilikuwa salfa, uchafu wenyewe, akaeleza bila kumtazama. Hewa kidogo, kidogo mno, imewapa nguvu bakteria wengine wakaunyofoa kwenye gesi na kuuacha hapo. Kuna watu waliokwisha kuandika juu ya jambo hilo kwenye mitambo mikubwa. Yeye hakuwa amewaza lingewezekana kwenye tangi la jikoni.

"Tunahitaji pampu ya hewa yenye kipimo, na vali ya usalama," alisema. "Na mtu wa kuandika kila siku."

"Unanitaka mimi? Baada ya haya?"

"Bado nina hasira na wewe. Lakini unajua kuhesabu."

Walifanya kazi hivyo miezi kumi na minne, mwanzoni kwa maneno machache kama watu waliopanga nyumba moja. Ilikuwa siku ya kukwangua salfa, wote wawili wameinama juu ya bomba, ndipo mdogo alipouliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo.

"Ningekwambia nini? Kwamba nakuonea gere? Uliwahi kusikia mtu akitangaza hilo?"

"Ungeniambia ulitaka kusoma."

"Ulikuwa na miaka mitano. Halafu ukawa na kumi na mmoja, ukawa unafaulu. Wakati wa kukwambia ulikuwa upi?"

Mdogo akaendelea kukwangua.

Kipimo kilitulia kwenye themanini, miezi kwa miezi. Kitabu cha utafiti kilipochapwa, mdogo aliuliza amwandikie nini kwenye ukurasa wa shukrani. "Usinishukuru," Mama Mwiko akamwambia. "Andika nilichofanya." Kwenye sura ya nne ikaandikwa kwamba hewa iliingizwa mara ya kwanza na mpishi mkuu, kwa makusudi na bila idhini ya mtafiti, na kwamba vipimo vyote vya moto baada ya hapo ni vyake. Msimamizi alitaka maneno "bila idhini" yaondolewe. Mdogo akakataa, na dada mtu akamuunga mkono.

Siku ya mahafali mama yao alilia toka mwanzo hadi mwisho. Jina la mdogo lilipoitwa, wivu ukamjia Mama Mwiko pale pale kwenye kiti, mkali kama siku zote. Hakushangaa. Alisimama akapiga makofi mpaka viganja vikamwuma, na machozi yalipomtoka hakujisumbua kujua ni ya nini. Jumatatu wapishi wa shule mbili za jirani walikuja kujifunza, na akawaanzishia somo kwenye klipu.