Cherehani Iliyopanda Ngazi

Ukimuuliza jirani yangu wa mlango wa mkabala, atakuapia kwamba cherehani ya marehemu mama yangu ilikuja kwangu kwa miguu yake.

Si masihara. Anasema alikuwa anamenya vitunguu mlangoni, akasikia vishindo. Akachungulia. Akaona cherehani imejitanda shuka jeupe, inapanda ngazi, inahema.

Ghorofa ya kwanza ikapumzika. Ya pili ikatukana. Ya tatu ikabisha hodi mlangoni kwangu.

"Na ilikuwa imevaa viatu vyenye ncha," huwa anamalizia. "Vinang'aa!"

Jengo zima limeamini. Wapo wanaopita kwangu kwa kunyata. Mwenye nyumba, ambaye zamani hata salamu yangu alikuwa haitikii, siku hizi ananiamkia yeye.

Mimi hucheka tu. Lakini leo nawapa mkanda mzima, maana jirani hakukosea kila kitu.

Viatu vilikuwepo kweli.

Mimi ni mpiga pasi. Shule nimeishia msingi. Siku za wiki napiga pasi kwenye duka la dobi, Jumamosi napiga kwa mjomba, kaka wa mama yangu.

Kwa dobi nalipwa mshahara. Kwa mjomba naambiwa, "Undugu ni kufaana."

Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa ya mkono, ile ndogo ya mezani, ina kitako cha mbao na droo moja. Kishikio cha droo kilipong'oka, mama alipachika kifungo cha koti. Nimejifunza kushona kwenye mapaja yake, mkono wangu juu ya mkono wake.

Siku ya tatu baada ya kumzika, mjomba alikuja na mkokoteni.

"Nakutunzia, mwanangu. Wewe bado utahamahama, itapata kutu bure."

Nikashukuru. Mtoto wa watu, nikashukuru kabisa!

Nikapanga chumba changu. Nikamwambia mjomba kimepatikana, karibu. Akasema atakuja. Miaka miwili ikapita, hata mtaa hakuuliza. Na kila nikiikumbushia cherehani, jibu ni moja: bado kidogo.

Nilikuwa na mpango wangu. Kupiga pasi nguo za watu hakuna mwisho, zinarudi na mikunjo ileile. Ukishona nguo, imeshonwa. Nilitaka kuwa fundi kama mama.

Basi Jumamosi moja niko na pasi, mjomba akaniita sebuleni.

"Acha hiyo, njoo unishikie shuka."

Nikaikuta cherehani ya mama juu ya meza, imepakwa mafuta ya kula ili ing'ae. Nikashika shuka jeupe nyuma yake, mjomba akaanza kuipiga picha. Kushoto, kulia, karibu, mbali. Utadhani bibi harusi.

"Mjomba, za nini picha?"

"Mnada wa mtandaoni. Vitu vya kale vinagombewa kule kama dhahabu."

"Si ulisema unanitunzia?"

"Ndiyo, mwanangu. Nakutunzia thamani yake."

Nikalishusha shuka.

"Inua, inua! Unaonyesha ukuta."

Nikainua. Nikasema, "Basi niuzie mimi. Nina akiba yangu kidogo."

Mjomba akacheka mpaka akashika meza.

"Mnada hauna mjomba. Anayetaka na aweke dau kama wenzake. Tena wewe na shule yako ile, hayo mambo utayaweza?"

"Mpe mtoto mali ya mama yake," mkewe akasema kutoka jikoni.

"Wewe kaanga!"

Akakaa kitini, akaandika maelezo huku anayasoma kwa sauti. "Cherehani adimu. Imeshona nguo za watu wazito." Mtu mzito kuliko wote aliyeshonewa na mama alikuwa mwalimu mkuu, na alikuwa mzito kwa kilo. Kisha mjomba akavuta droo, ikagoma. Akaandika, "Droo ni ya pambo, haifunguki."

Droo ile inafunguka. Unainyanyua upande wa kushoto, unaisukuma ndani kwanza, ndipo unaivuta. Nikafungua mdomo nimwambie.

Nikaufunga.

Nilipofika kwangu nikachukua simu yangu ya kupangusa, nikafungua akaunti kwenye ule mnada. Wakauliza jina la kutumia, nikaandika Polepole. Halafu wakaniletea masharti ya kurasa kumi na moja.

Mjomba aliwahi kunitambia kwamba yeye masharti huyabonyeza tu "nakubali", hana muda wa kusoma porojo. Mimi nasoma taratibu, lakini namaliza. Siku tatu, wakati pasi inapata moto, nasoma.

Nikaelewa haya. Dau likishawekwa halirudi. Saa ya kufunga ikifika, mwenye dau la juu ndiye mnunuzi, na asipolipa ndani ya siku mbili akaunti yake inafungwa. Muuzaji haruhusiwi kuweka dau kwenye mali yake. Mnunuzi akishapokea mzigo anampa muuzaji nyota, wenye mnada nao humpa mbaya akilalamikiwa, na muuzaji akipata nyota mbaya mara mbili, anatolewa sokoni.

Nikaweka dau langu la kwanza. Dakika haijaisha, mtu anaitwa Tajiri_Mpole akanipita. Nikaongeza. Akanipita tena. Kila nikisogea, yupo.

Jumamosi ya kufunga mnada nilikuwa kwa mjomba, pasi mkononi, simu kwenye mfuko wa aproni. Mnada unafungwa saa nane mchana. Mjomba kajinyoosha kwenye kochi, simu kifuani, ananifundisha biashara.

"Kuna mnunuzi anaitwa Polepole. Huyo ni mzee mmoja, mhandisi mstaafu, ana nyumba kubwa ya vitu vya kale."

"Umemjuaje, mjomba?"

"Jina tu. Mtu mwenye haraka ni maskini. Mwenye pesa hana haraka."

Nikageuza shati, nikaingiza mkono mfukoni, nikabonyeza dau.

Simu ya mjomba ikalia kifuani. "Mzee kaongeza!" akasema.

Na juu ya kabati, ile simu ya zamani ya mkewe, iliyofungwa kwa mpira wa ndala, nayo ikalia. Ina mlio wa kifaranga. Kwi, kwi, kwi.

Mjomba akainuka, akaichukua, akabonyeza kitu. Mfukoni kwangu simu ikatetemeka: Tajiri_Mpole amekupita.

Pasi nusura iunguze shati.

Sikutaka kumdhania mtu vibaya, tena mjomba wangu. Nikangoja. Nikaweka dau lingine. Kifaranga kikalia. Mjomba akainuka, akabonyeza. Mfuko ukatetemeka. Nikarudia mara ya tatu. Kifaranga, kabati, mjomba, mfuko.

Kumbe Tajiri Mpole nimempigia pasi soksi zake asubuhi ileile!

"Mjomba," nikasema, "hicho kifaranga kinalilia nini?"

"Ah, hiyo ndiyo siri ya soko. Mtu mwenye kiu, maji unamsogezea mbali kidogo. Anatambaa. Unamsogezea tena."

"Na akichoka kutambaa?"

"Huyu? Huyu hachoki."

Zikabaki dakika tatu. Akiba yangu yote, ile ya chini ya sufuria na ile ya kwenye simu, ilifika dau moja tu la mwisho. Nikaliweka. Kifaranga kikalia.

Hapo mjomba akapandwa na mzuka. Hakuongeza kidogo kama mwanzo, aliruka juu kwa kishindo, mara mbili ya lile langu. "Atambae!" akasema. "Leo atambae!"

Nami nikaitoa simu mfukoni, nikaizima, nikaiweka chini ya mashati yaliyokunjwa.

Ile ni cherehani ya mama, na nimeiachia kwa mkono wangu mwenyewe.

Dakika mbili. "Mzee anafikiri," mjomba akasema.

Dakika moja. "Weka, baba. Weka basi. Mzee wangu, usilale!" Alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, anaibembeleza simu.

Saa nane kamili simu zote mbili zikalia kwa pamoja. Ya kwanza: Hongera, umeuza! Ya pili: Hongera, umenunua!

Mkewe akatokea jikoni na mwiko, akasoma simu moja, akasoma ya pili.

"Sasa nani anamlipa nani?"

Nikapiga pasi kola.

Jumatatu Polepole akapokea ujumbe mrefu: "Mheshimiwa mhandisi, ndugu yetu Tajiri Mpole ameaga dunia ghafla. Kwa heshima yako nakuachia cherehani kwa lile dau lako la mwisho."

Nikajibu: "Poleni kwa msiba. Nitangoja mnada mwingine."

Siku mbili zikaisha. Marehemu hakulipa, akaunti yake ikafungwa. Mjomba akairudisha cherehani mnadani, safari hii bila kifaranga. Lakini wanunuzi si wajinga. Kitu kikiuzwa halafu kikarudi sokoni, watu wanasikia harufu. Mmoja aliyekuwa ameweka dau dogo mwanzoni aliandika malalamiko chini ya jina la mjomba, wenye mnada wakamgonga nyota mbaya ya kwanza.

Wiki nzima hakuna aliyegusa. Mjomba akaanza kukonda.

Jumamosi iliyofuata, dakika moja kabla ya saa nane, nikaingiza mkono mfukoni. Nikaweka dau moja tu, lile la kuanzia. Kabatini kimya. Saa nane ikagonga.

"Mzee!" mjomba akaruka. "Mzee karudi! Nilisema hachoki!"

Nikalipa palepale, nikaandika na anwani: jengo lililo nyuma ya kiwanda cha magodoro, ghorofa ya tatu, mlango wa kijani.

Mjomba akaisoma anwani ile kwa sauti, mbele yangu. Nikasimamisha pasi. Nilingoja anigeukie.

Akasema, "Lazima jengo lote ni lake."

Sitaki kuwaficha, pale ndipo iliponiuma. Cherehani haikuniuma hivyo.

"Kesho naipeleka mwenyewe," akaendelea. "Nikishaonana naye namuuzia na redio, na saa ya ukutani. Hebu nipigie pasi ile suti yangu ya harusi."

Nikampigia. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilimpigia mjomba pasi suti ya kuja kuonana na mimi.

Jumapili asubuhi nikasikia vishindo kwenye ngazi. Mjomba alikuwa amebana nauli ya mchukuzi, akajitwika cherehani kichwani. Akaifunika shuka lilelile la picha ili isipate vumbi, likamfunika na yeye mpaka magotini. Chini vikabaki viatu vyenye ncha.

Nikasikia jirani anapiga yowe, mlango wake ukajibamiza.

Hodi.

Nikafungua. Nikamtua mzigo. Mjomba akatoka ndani ya shuka, jasho linamchuruzika, tabasamu la biashara tayari usoni.

"Mheshimiwa Pole..."

Akaniona. Akachungulia nyuma yangu kumtafuta mzee.

"Unafanya kazi hapa?"

"Naishi hapa. Karibu, mjomba. Miaka miwili nakungoja."

Akatazama kitanda kimoja, jiko moja, na meza tupu niliyoiweka chini ya dirisha. Akakaa kitandani taratibu, kama aliyekatwa kamba. Midomo inahesabu: dau, kifaranga, mashati.

"Ulikuwa unapiga pasi," akasema.

"Nilikuwa napiga pasi."

Nikaiweka cherehani mezani. Nikanyanyua droo upande wa kushoto, nikasukuma, nikavuta. Ikafunguka bila kelele.

Ndani mlikuwa na futi ya kupimia, vifungo saba, na kipande cha karatasi kwa mwandiko wa mama: bega, kifua, urefu wa sketi. Vipimo vya sare yangu ya sekondari. Aliugua kabla hajakata kitambaa, na mimi nikabaki nyumbani kumuuguza.

Mjomba aliusoma ule mwandiko wa dada yake. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kuuza.

Lakini haikudumu. Akajikohoza.

"Mwanangu. Nina nyota mbaya moja. Nikipata ya pili wananitoa, na redio bado haijauzwa. Nipe tano. Undugu ni kufaana."

Nikampa maji ya kunywa.

Ndugu zangu mnaosoma, mkitaka kununua au kuuza kwenye minada hii, mimi si mtaalamu. Ninachojua ni hiki. Soma masharti, hata kama unasoma taratibu. Bei ikipanda, usiitazame bei, mtazame anayeipandisha. Usiweke dau la kuringa, maana unaweza kushinda wewe mwenyewe. Na kama una ndugu, jua anapoishi, usije ukamsoma kwenye anwani ya mzigo ukamdhania tajiri.

Sasa hivi nashona. Jirani yangu alikuwa mteja wa kwanza, alileta gauni lakini hakutaka kuigusa cherehani. Kwa mjomba Jumamosi siendi tena.

Ule ukurasa wa mnada bado umefunguka kwenye simu yangu. Unauliza, "Utampa muuzaji nyota ngapi?" Chini yake kuna nyota tano tupu, zimepangwa kama vifungo kwenye koti.

Na kila Jumamosi, saa nane mchana, inaingia meseji ya mjomba:

"Mwanangu, zile nyota?"

Naisoma. Anaona kwamba nimeisoma. Nashusha sindano, nazungusha gurudumu.