Pompi ya Kahawia

Miaka ile ya vita, kila nyumba mtaani kwetu Rumonge ilikuwa na furushi nyuma ya mlango. Vyote vya thamani vilikaa humo: vitambulisho, chumvi, kitenge kipya. Ukisikia risasi, unalibeba unakimbia. Chochote kizuri kilichoingia nyumbani tulikiwekea siku hiyo.

Mama alikuwa na pumu, na moshi wa kuchemshia mawese ulikuwa umemmaliza kifua. Muuguzi wa zahanati akampa pompi ya kahawia, kikopo cha kuvutia dawa kwa mdomo.

“Uvute asubuhi na mangaribi, kisha usukutue kinywa,” alimwambia. “Kila siku, mama, hata kama uko muzima. Hii iko ya kukinga. Kikohozi kikisha kuja, haikizimishi.”

Baada ya wiki chache mama alilala usiku kucha, na akaweza kucheka bila kukatika pumzi. Kisha barabara ya Bujumbura ikafungwa na waviziaji, na dawa zikaadimika. Hapo mimi, mjuaji wa nyumba, nikaitia pompi kwenye furushi. “Umepona, mama,” nikamwambia. “Hii tuiwekee siku ya kukimbia.” Mama akakubali, maana ndivyo tulivyofanya na kila kitu.

Kikohozi kilirudi polepole, nami nikaulaumu moshi.

Alasiri moja risasi zililia upande wa Kizuka. Majirani wakatugongea mlango, tukajificha nao kwenye michikichi. Watu wenye bunduki walikuwa wakipita njiani, karibu kabisa, mama alipoanza kukohoa. Nikaitoa pompi. Akavuta mara moja, mara mbili, mara tano. Wapi!

“Mama, nyamaza, utatuuwisha!” jirani alinong'ona.

Nikachukua kile kitenge kipya nikamziba mdomo, nikakandamiza. Nilihisi mbavu zake zikipambana na mkono wangu. Niliogopa sana, na sikuachia mpaka nyayo zikapotea. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Hakuna jirani aliyemsaidia kuinuka.

Mama alirudia kuvuta asubuhi na jioni, lakini kikopo kilikwisha kabla kifua hakijatulia.

Risasi ziliposikika tena, hakuna aliyetugongea mlango. Mama alinipa furushi, akaketi mkekani.

“Wende na wenzako. Mie nitakoholea hapa kwangu.”

Nilisimama mlangoni nikilia. Mungu anisamehe, nilienda.