Bwana Funga na Faili la Mdogo Wake

Jina lake hospitali nzima ni Bwana Funga, na sisi wa wodini ndio tuliompa. Ni fundi wa kompyuta, mtu mzima, mashati yake yamenyooka kwa pasi, na kazi anaifanya kama aliyekula kiapo. Kila asubuhi hupita wodi zote. Akikuta kompyuta iko wazi na mwenyewe kaenda kunywa chai, huifunga na kuacha kikaratasi: "Umeiacha wazi. Nimeifunga."

Tulimchukia, nisiseme uongo. Kompyuta yetu ni moja, watu tisa, na kuingia kwa jina lako na neno lako la siri kunachukua muda wa kumtundikia mgonjwa dripu. Basi tulikuwa na utaratibu wetu: anayewahi asubuhi anafungua kwa jina lake, wengine wote tunalitumia hilo hilo mpaka jioni. Siku nikiwahi mimi, kwa mujibu wa kompyuta, mimi ndiye niliyepima presha, nikaandika dawa na kuruhusu wagonjwa. Na mimi ni karani tu, sindano yenyewe naiogopa.

Kwa hiyo akiingia, porojo zinakatika. Kantini alikula peke yake, meza ya kando ya sinki, na hakuna aliyemwambia karibu. Nilidhani ndivyo anavyopenda.

Wiki moja alilazwa mama mmoja, kitanda cha sita. Nilipokuwa namwandikisha aliniambia, "Andika kwamba ugonjwa wangu asiambiwe mtu. Ndugu hasa." Nikaandika.

Kesho yake nilikwenda kuchukua fomu, nikaliacha faili lake wazi kwenye skrini. Niliporudi, nikamwona Bwana Funga kupitia kioo cha mlango, amesimama mbele ya kompyuta yangu, mkono juu ya kipanya. Kwa kawaida hufunga na kwenda zake. Safari hii alikawia. Nikasema moyoni, leo nimekunasa, mtakatifu wetu. Halafu nikamwona anafumba macho, anabonyeza, skrini inakuwa nyeusi, naye anajitupa kwenye kiti changu.

"Umesoma," nikamwambia nilipoingia.

"Jina tu. Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Akanieleza bila kuniangalia. Miaka mitatu nyuma mdogo wake alikuja hapa kupimwa. Yeye, kwa wasiwasi, alikuta kompyuta iko wazi kwa jina la nesi fulani, akatafuta majibu, akayasoma. Akamwambia mama yao. Mama akamwambia shangazi. Haikupita wiki, nyumba nzima ya mume wa mdogo wake ilijua kwamba hawezi kuzaa, kabla mdogo wake mwenyewe hajapata pa kuanzia kumwambia mumewe. Ndoa ikavunjika.

"Alikuja mlangoni kwangu mara moja tu. Akasema, 'Kaka, umenivua nguo mbele za watu.' Toka siku hiyo hatujazungumza. Na yule nesi alihamishwa, maana jina lililoonekana ni lake. Mimi nilinyamaza."

Kumbe vikaratasi vyote vile alikuwa anajiandikia mwenyewe.

"Mama ameshafariki," akasema. "Tumebaki wawili." Akaniangalia. "Anaumwa nini?"

Huruma ilinishika, na jibu lilikuwa ulimini. "Amekataza asiambiwe mtu," nikasema.

"Umefanya vizuri," akajibu, akainuka kwenye kiti changu.

Saa ya kutazama wagonjwa alivua kitambulisho chake, akapanga foleni na wageni wengine. Mimi nilikuwa kitanda cha tano nabadilisha kadi, nikasikia kila kitu.

"Nani kakwambia nipo hapa?" mdogo wake akauliza.

"Niliona jina kwenye kompyuta."

"Na mengine?"

"Nilifunga."

Mdogo wake akamtazama. "Kwa hiyo hujui kama nitapona."

"Sijui."

Akageukia ukutani. Kaka mtu alisimama hapo, mkono kwenye chuma cha kitanda, mpaka kengele ya wageni ikalia. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu pia, na kiti kilikuwepo, hakukikalia. Nilitamani kumkaripia mgonjwa, ila aliyekosewa ni yeye, si mimi.

Siku ya nne akasema, uso bado ukutani, "Kaa basi. Nitakwambia mwenyewe."

Nilifunga kompyuta, nikatoka wodini. Mimi faili nimelisoma, nilijua anakwenda kuambiwa nini. Nikaenda kantini, nikakaa meza ya kando ya sinki, nikaagiza chai mbili.

Bwana Funga alikuja chai ya pili imeshapoa. Akaniona, akasita, akakaa. Sikumuuliza kitu, naye hakuniambia. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati, kisha akainywa chai yake yote hivyo hivyo baridi.