Waya Uliopita Ukutani

Masika yakianza, kambi ya watalii ninayofanyia kazi karibu na geti la Ikoma hufungwa. Wageni huondoka, wapishi huondoka, na meneja huwa wa mwisho. Huniachia funguo na kunipigapiga begani kama mtu anayetoa pole msibani. Nabaki na walinzi ambao hukaa kwenye kibanda chao huko barabarani, na chumba cha betri. Watu hudhani naogopa tembo. Tembo sina neno nao, wanapita tu. Ninachoogopa ni kula peke yangu, na kila masika nakula peke yangu mpaka ugali unanikinai.

Kazi yangu ni kuangalia mtambo wa umeme wa jua. Nitaueleza kidogo, maana bila hivyo yaliyotokea kwa mama mkwe wangu hayataeleweka. Umeme uliohifadhiwa kwenye betri hauwezi kuendesha friji ya kawaida hivi hivi. Lazima ugeuzwe kwanza, na kinachougeuza ni inveta, lile sanduku la ukutani lenye feni inayovuma. Inveta ina nguvu, lakini haioni ndani ya betri. Anayeona ni kibao kidogo kilichofichwa ndani ya betri yenyewe, ambacho mafundi tunakiita BMS. Kazi yake ni kupima na kuonya: seli hii imepata joto, ile imechoka, hapa tumeshiba, hapa tumebakiza kidogo. Kibao kile kinajua kila kitu, ila kikizidiwa kina dawa moja tu, kukata.

Kwa hiyo viwili hivi huunganishwa kwa waya mwembamba wa mawasiliano. Waya huo hauwashi hata taa. Unapitisha habari tu. Kibao kinasema punguza, inveta inapunguza. Waya ukichomoka, taa zinaendelea kuwaka kama kawaida, na hapo ndipo watu hudanganyika. Inveta sasa inakisia. Na betri hizi za lithiamu hazikisiki. Hazilegei kidogo kidogo kama zile za maji za zamani. Zinasimama palepale kama mtu mzima anayeficha njaa, halafu zinaanguka. Inveta inavuta, inavuta, mpaka kibao kinaona seli zitaharibika, kinakata, na nyumba nzima inakuwa giza.

Mke wangu alizoea kunicheka kwamba nasifia betri kama watu wengine wanavyosifia ng'ombe. Alifariki, na hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nyumbani kwangu Kewanja magari ya mgodini yanapita mchana kutwa na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria, lakini humo ndani hakuna mtu wa kulalamikia vumbi hilo ila mimi. Ndugu zangu waliniambia nioe tena, wakachoka kuniambia. Sikuwa nimekataa. Nilikuwa tu sijapata nguvu ya kuanza kumweleza mtu mwingine mambo yangu upya.

Nilikokuwa naenda ni Mbalibali, kwa mama mkwe. Naye alikuwa peke yake. Mumewe alifariki zamani, mabinti wameolewa mbali, na mtoto wake wa kiume ana duka lake ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya. Nikifika pale nawaona zizini wajukuu wa wale ng'ombe niliowatoa mahari, na moyo unatulia kidogo.

Asiyejua mila zetu anaweza kusema, vizuri, wapweke wawili wamepata wa kuzungumza naye. Haiwi rahisi hivyo. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wana heshima yao. Hamshikani mikono. Hamli mkitazamana, akikuletea chakula unageuza uso mpaka akiweke na kuondoka. Na chumba chake cha kulala huingii kabisa. Hata mtoto wake wa kumzaa, akishatahiriwa, haingii. Unafika, unasalimia ukiwa umeangalia pembeni, unakaa sebuleni, yeye anakuwa jikoni au chumbani, na mazungumzo yanapita juujuu kama ya watu wanaosubiri gari.

Mama ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano inataka ubaridi. Nguzo za umeme ziliishia mbali na kwake. Kambi ilipobadilisha betri, meneja aliniruhusu nichukue moja ya zile za zamani, nikampelekea pamoja na paneli na inveta. Mahali pa kuiweka ndipo palipoleta maneno. Mimi nilitaka kila kitu kikae sebuleni. Yeye akasema sebuleni wezi wataiona, betri italala chumbani kwake chini ya kitanda, na kauli yake ikawa ndiyo hiyo. Basi nikafunga inveta kwenye ukuta wa sebule, nikatoboa ukuta kwa upande wangu, na mdogo wake wa kike aliyekuwa amekuja kumtembelea akapokea nyaya kwa upande wa pili, akazichomeka nikimwelekeza kwa sauti. Nilifunga mtambo ambao nusu yake siruhusiwi kuuona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro. Tuliona tumepata umeme bila kuvunjiana heshima.

Na hapo nikapata kitu ambacho sikukitarajia. Sasa nilikuwa na sababu. Nikipata likizo naenda Mbalibali, nafungua mfuniko wa inveta, napuliza vumbi ambalo halipo, na yeye huko chumbani anauliza kupitia ukutani:

"Inasemaje?"

"Inasema betri imejaa, mama."

"Na wewe, umekula?"

Tuliongea hivyo muda mrefu, ukuta ukiwa katikati, na tangu mke wangu aondoke sikuwa nimezungumza na mtu kwa raha namna ile. Siku moja mawingu yalipokuwa yamefunga upande wa mbugani, alisema kutoka ndani, "Marehemu alikuwa anaogopa radi." Nikamjibu, "Alikuwa anajifunika kanga kichwani." Mvua ikanyesha, nikaendelea kupuliza inveta.

Masika haya yaliyopita nilikuwa kambini peke yangu, simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu, yule wa ng'ambo, anayeniita mura, yaani kijana, kama tunavyoitana kwetu.

"Mura, njoo uchukue vitu vyako. Mimi namchukua mama."

Nilipanda pikipiki. Barabara ilikuwa tope tupu, mara nikaanguka, mara nikaamka, na njia nzima nilikuwa namjibu shemeji kwa maneno makali ambayo nilijua sitayasema. Nilipofika nilikuta begi la mama limefungwa, limewekwa karibu na mlango. Shemeji alikuwa amekaa sebuleni na jaketi lake, hajalivua.

"Shikamoo, mama," nilisema kuelekea ukutani.

"Marahaba, baba. Pole na tope." Sauti ilikuwa imepungua sana.

Shemeji ndiye aliyenieleza. Umeme ulikuwa unakatika kila alfajiri, na siku za mawingu haurudi mpaka mchana. Friji inapata joto, dawa inapata joto. Mama hakumwambia mtu, hakutaka kutusumbua. Alikuwa anasema friji inapumzika. Aliendelea kujidunga dawa iliyokwisha kuharibika mpaka akaanguka shambani. Nesi wa zahanati ndiye aliyegundua.

"Mimi sina maneno mengi," shemeji alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, ambako umeme ni stima. "Hiyo stima yako itamuua mama. Kesho asubuhi navuka na yeye. Kwangu stima iko, hospitali iko karibu, watu wako."

"Mimi sitaki kwenda," mama alisema kutoka ndani.

"Mama, hakuna mtu anakuuliza."

Shemeji si mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake niliielewa, ndiyo maana nilishindwa kumchukia ingawa nilijaribu. Lakini nilijua pia kwamba mama akivuka hatarudi. Ng'ombe watauzwa, nyumba itafungwa, na mimi nitakwenda ng'ambo kumtembelea nani, kama nani? Asiyekuwepo na lake halipo. Nikageukia inveta ili nisionekane usoni.

Kwenye skrini kulikuwa na alama ya onyo: haiisikii betri. Nikauliza kama kuna mtu aliyegusa waya mwembamba.

"Nilifagia chini ya kitanda," mama akajibu. "Ukanizuia, nikauchomoa. Lakini niliurudisha, baba. Niliurudisha na taa zikawaka."

Nikaelewa. Betri ile ina matundu mawili yanayofanana kama pacha. Moja ni la kuzungumza na inveta. Lingine ni la kuzungumza na betri mwenzake, kama ipo, na pale haikuwepo. Macho ya mama yamepunguzwa na sukari. Aliuchomeka kwenye tundu la pembeni, na tangu siku hiyo betri ilikuwa inatoa habari zake zote kwa mwenzake ambaye hayupo, huku inveta upande wa pili wa ukuta ikikisia. Nilimweleza shemeji kwamba mtambo ni mzima, kosa ni waya mmoja, na ni kuuhamisha tu.

"Sasa si uingie uhamishe?"

"Siwezi, shemeji."

"Huwezi nini?" Alisimama. "Mimi amenizaa mwenyewe, siingii, sawa. Lakini wewe? Dada alikufa. Mtoto hakuna. Siku hizi hapa wewe ni fundi tu, mura. Ingia kama fundi."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliniuma. Kweli, nilikuwa nani pale? Nikikataa, mama anachukuliwa asubuhi. Nikiingia, waya utapona na mama atabaki, lakini nitakuwa nimekubali kwa miguu yangu mwenyewe kwamba ukwe umekwisha, kwamba mke wangu amekufa hata pale, kwenye nyumba pekee duniani ambako bado nilikuwa naitwa kwa ajili yake. Nilitazama begi pale mlangoni. Kisha nikaona dawa ni dawa, na mama ni mgonjwa, na nyumba ikiungua heshima haizimi moto. Nikavua mabuti yenye tope, nikaenda kwenye pazia la chumba chake, nikalishika.

"Nani huyo kwenye pazia?" mama aliuliza.

"Ni fundi, mama," shemeji akajibu. "Anaingia kurekebisha."

"Fundi gani?"

Shemeji alinionyesha kwa mkono niingie.

"Hapa hakuna fundi," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Huyo ni mkwe wangu. Na mkwe wangu haingii humu mimi nikiwa hai. Wewe kijana, unamfundisha nini? Rudi ukutani, baba. Nielekeze, nitahamisha mwenyewe."

Niliachia pazia. Nilirudi ukutani.

"Papasa mbele ya betri, mama. Kuna kitufe kikubwa cha mviringo."

"Nimekipata."

"Toka hapo, pitisha kidole kulia. Utakuta matundu mawili."

"La mbali ndilo lina waya."

"Hapo hapo. Bana ulimi wake mdogo wa plastiki, uvute. Sasa utie kwenye lile la karibu, sukuma mpaka usikie unalia."

Nilimsikia akihema, akiguna, akiukemea waya kama mbuzi mkaidi. Halafu ukalia: ta! Mimi upande wangu nikaweka mkono kwenye ukuta, na macho kwenye skrini. Onyo likakaa, likakaa, kisha likatoweka. Pale palipokuwa na alama ya kukisia pakaja namba ya kweli ya kiasi kilichobaki kwenye betri, nayo ilikuwa ndogo. Mara runinga aliyoiacha shemeji ikiwaka bila sauti ikazimika, na taa ya sebuleni nayo.

"Unaona?" shemeji akaruka. "Imekufa tena!"

"Haijafa. Imeambiwa ipunguze, imezima runinga na taa ili friji ibaki, ndivyo nilivyoifunga. Sikiliza jikoni."

Tukasikiliza. Friji ilikuwa inanguruma.

Shemeji alikwenda akaweka mkono juu yake, akakaa nayo muda mrefu kama anayempima mtoto homa. Aliporudi alivua jaketi. Alisema atanunua dawa mpya Mugumu kesho, na atalala siku chache aone kama alfajiri itapita salama. Kisha alibeba begi, akaliweka karibu na pazia la mama, na kutoka nje kuwaangalia ng'ombe.

Nikabaki sebuleni na ukuta wangu.

"Mkwe," mama akaita.

"Naam, mama."

"Inasemaje?"

Nilitaka kusema inasikia. Nikapuliza vumbi ambalo halipo.

"Mkwe? Umekula?"

"Bado, mama."

"Basi geuza uso, ninakuletea chakula."

Nikakaa nikiwa nimegeukia mlango wa nje, na nikasikia pazia likifunguka nyuma yangu, na miguu yake ikija polepole. Nilishukuru kwamba mila yetu ni hiyo, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia, yote miwili nilikuwa nimeiweka magotini, nikisubiri sahani.