Neno la Tatu Nyumbani kwa Mwalimu Venanti

Lilibaki neno moja tu nikose mke.

Sitii chumvi. Neno moja la Kiingereza likimponyoka mshenga wangu, sisi sote tunanyanyuka, tunavaa viatu, tunarudi Kibondo, na habari ya mimi na Dorcas inaishia hapo.

Na mshenga wangu alikuwa Claude. Mtu ambaye hawezi kuagiza chai bila kuchomeka Kiingereza.

Ngoja niwapange vizuri mnielewe.

Naitwa Irakoze, fundi umeme, mzaliwa wa Murungu kule Kibondo. Babu yangu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana. Baba alipata uraia, mimi nikazaliwa hapa, nikasoma hapa, napiga kura hapa. Ila kuna watu ukiwatajia jina tu wanakuona mkimbizi, wanakuuliza, "Wewe ni wa kambi gani?"

Nimeshazoea. Naongopa, sijazoea.

Dorcas nilimpata Kasulu, nikiwa naweka nyaya kwenye nyumba aliyopanga na wenzake wa chuo cha ualimu. Tulipendana bila papara. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ya mwisho kwao ni baba yake mkubwa, Mwalimu Venanti, Muha wa Muyama aliyestaafu akajenga Kasulu. Maisha yake yote kazini alifundisha Kiingereza.

Dorcas alinionya mapema. Mzee hataki mkwe wa kuja. Amekubali kutupokea mara moja tu, ili watu wasiseme alitukataa bila kutusikiliza. Akikataa siku hiyo, Dorcas hatamvunjia heshima, maana ndiye aliyemlea na kumsomesha. Aliniambia hivyo huku analia. Nilimwelewa, ingawa iliniuma sana.

Basi tukaenda. Mimi, shangazi yangu Esteri, na Claude, binamu yangu anayeuza vipuri vya pikipiki Kibondo mjini. Nilimchagua kwa sababu ana mdomo. Mtu mwenye mdomo anaweza kukuoza au kukuzika, ndiyo hatari yake.

Shangazi alipiga goti mlangoni, akapiga makofi taratibu, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Wanawake wa pale wakaitikia kwa furaha. Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, akatuonyesha viti.

Kwa taratibu zao muoaji haongei. Ukifungua mdomo wewe huna adabu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia sakafu.

Mwalimu akatoa sharti. Leo tunaongea mambo ya nyumbani, kwa hiyo maneno ya wageni yabaki nje. Kiswahili ruksa, Kiha ruksa, Kiingereza marufuku.

Sharti la hivi kwenye posa si geni. Kwa wengine ukikosea unatozwa soda, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Kwa Mwalimu hakukuwa na soda.

"Mkikosea mara tatu," alisema, "mnarudi mlikotoka."

Alipomaliza kusema hivyo alinitazama mimi. Nikajua hazungumzii Kibondo.

Yaani mtu aliyewachapa watoto wa watu kwa kuongea Kiswahili shuleni, leo kwake Kiingereza ndiyo kosa. Siku nyingine ningecheka.

Claude akajiweka sawa kwenye kiti, akasafisha koo, akasema, "Okei."

Jamani.

Hata hatujaanza. Mwalimu akanyoosha kidole kimoja. Dada mmoja akaficha uso kwenye kitenge. Shangazi akanikanyaga mguu mimi, wakati kosa ni la Claude.

Baada ya hapo jamaa akatulia, akaongea vizuri mpaka nikaanza kupata matumaini. Akaeleza ukoo wetu, kanisa tunalosali, mashamba ya maharage, kazi yangu ya umeme.

Mwalimu alisikiliza, kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake. Alisema ameona malori yakipakia watu kuwarudisha Burundi. Ameona mabinti wa hapa walioolewa na watu wa kuja, wakapandishwa na watoto wao, na wazazi mpaka leo hawajui wako kilima gani cha huko. Sasa siku na sisi tukiamua kuondoka, yeye Dorcas atamtafuta wapi?

Sikuweza kumchukia. Lilikuwa swali la mzazi.

Nilitaka kumjibu mwenyewe. Nilitaka kumwambia mimi sina kilima kingine, nina Murungu tu. Nikameza, kwa sababu siruhusiwi kuongea.

Claude akajibu, "Mzee, kijana wetu kwa Dorcas yuko siriazi."

Kidole cha pili.

Nilimwangalia Claude kwa jicho la kumla mzima. Hakugeuka. Alikuwa anamwangalia Mwalimu tu, na uso wake haukuwa na wasiwasi wowote. Nikasema moyoni, huyu kalogwa, au kahongwa.

Mwalimu akamwambia ajichunge. Claude akainamisha kichwa kwa adabu zote, akashukuru kwa onyo, kisha akasema, "Nimekuelewa, anko."



Mwalimu akasimama. "Limetimia la tatu. Nendeni salama."

Shangazi akaanza kukusanya khanga yake. Nyuma ya pazia la chumbani nikasikia kilio kinazuiwa. Nilimjua ni nani. Miguu yangu ilikataa kunyanyuka.

Claude na yeye hakunyanyuka. Ila yeye kwa makusudi.

"Mwalimu, hilo la tatu si la Kiingereza."

"Anko si Kiingereza?"

"Lilitoka kwa Wafaransa. Waingereza walilichukua huko, na wakachukua na la kumwitia shangazi, na la kumwitia binamu. La pili nalo lina asili ya Walatini, likapitia kwa Wafaransa hao hao."

Mwalimu akacheka kwa dharau. Akasema hayo aliyajua kabla Claude hajazaliwa. Neno likishapokelewa, likatumika kizazi baada ya kizazi, ni la wenyeji. Hakuna Mwingereza anayemwona anko wake mgeni.

"Vizazi vingapi vinatosha, Mwalimu?" Claude aliuliza. "Maana huyu Irakoze ni wa tatu."



Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Humshindi mzee kwa hoja, nyumbani kwake, mbele ya wadogo zake na wake zao, halafu ukategemea akupe binti. Claude alikuwa ameshinda, na ushindi wake ndio ulikuwa unanimaliza mimi.

Mwalimu alimsogelea. Akauliza kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ilinitisha kuliko makelele.

"Nani alikufundisha maneno hayo?"

"Wewe."



Claude akaeleza taratibu, bila madoido. Ilikuwa shule moja Kibondo, miaka Mwalimu alipokuwa huko. Claude alikuwa mgeni darasani. Siku moja alikosea kusoma Kiingereza, mwenzake akapaza sauti kwamba arudi kwao akasomee huko. Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakushika fimbo. Alichukua chaki, akajaza ubao habari ndefu ya Kiingereza, akampa yule aliyepaza sauti kifutio. Akamwambia afute kila neno lililotoka nje ya Uingereza. Mwalimu mwenyewe akawa anayataja hayo ya Kiingereza. Shampuu, futa, hilo la Wahindi. Kahawa na sukari, futa, yalipita kwa Waarabu. Banana, futa, hilo la Waafrika wa Magharibi. Meza, futa. Familia, futa. Mpaka vumbi la chaki likamkaa yule kijana kwenye nyusi, na ubaoni vikabaki vineno vya kuungia tu, havitoshi hata kumsalimu mtu.

"Ukatuuliza," Claude alisema, "mkiwafukuza wageni wote, mtaongea nini? Mimi siku ile ndiyo niliacha kutoroka shule."

Mwalimu akamwinamia, akamkagua uso. 

"Manirambona," alisema, akimwita Claude kwa jina lake la darasani. "Ulikuwa unaongea sana tangu wakati huo."

Watu wakataka kucheka, wakashindwa, kwa sababu mzee alikuwa anafuta macho kwa kiganja. Akarudi kwenye kiti chake. Akatuambia tukae. Shangazi akakaa kabla hajamaliza kusema.

"Darasani ilikuwa rahisi," alisema. "Siku ile hakuna aliyekuja kuniomba mtoto."

Kisha akanigeukia mimi. Akasema utaratibu utamsamehe, leo anataka nimjibu mwenyewe: nikiondoka, binti yake atamtafuta wapi?

Maneno yote niliyokuwa nimeyameza yakapotea. Nikapata machache tu.

"Murungu, Mwalimu. Usiponikuta mimi utamkuta baba. Usipomkuta baba utalikuta kaburi la babu."

Akaangalia pazia, akaagiza Dorcas aitwe. Alipotoka, macho mekundu, Mwalimu hakumuuliza kama anawafahamu wageni, ingawa ndivyo inavyoulizwa kwenye posa. Alimwambia, "Wapakulie ndugu zako chakula."

Mimi ni mwanaume mzima. Nililia. Andikeni mnachotaka kwenye maoni.

Sasa sikilizeni lililonimaliza nguvu.

Tulipokuwa ndani ya basi tunarudi, nilimgeukia Claude nimpasue. Nikamuuliza ilikuwaje mtu na akili zake akosee mara tatu wakati maisha yangu yamening'inia hapo.

Akaniambia alikosea mara moja tu. "Okei" ilimponyoka. "Siriazi" na "anko" aliyatoa makusudi.

Alimtambua Mwalimu tangu tulipoingia, kwa sauti. Alipoona mzee hamkumbuki, akakaa kimya. Nikamuuliza kwa nini hakusema tu kwamba alikuwa mwanafunzi wake, tukasalimika mapema.

"Angefurahi, angenipa soda, halafu angekukataa," alisema. "Sikutaka anikumbuke mimi. Nilitaka akumbuke alichotufundisha, na kisitoke kwangu, kitoke kwake."

"Na angekataa bado?"

Claude aliangalia nje dirishani, milima ya Kasulu inabaki nyuma.

"Wewe ungekosa mke," alisema. "Mimi ningekosa mwalimu. Ningeumia kuliko wewe."

Shangazi Esteri aliyekuwa anajifanya amelala akamshika bega.

Funzo langu ni hili, na simlazimishi mtu. Anayekufungia mlango leo, huenda kuna siku aliwahi kumfungulia mtu na amesahau. Kabla hujamtukana, mtafute aliyefunguliwa, mwende naye. Mimi nilikwenda naye bila kujua, na safari nzima ya kwenda nilikuwa namsema kwamba anaongea sana.