Wasioiona Printa ya Rangi

Pale ofisini kwa Adzraku na Wenzake, wapima ardhi wa mjini Ho, Dzifa Ametepe alikuwa na jina lake la mgongoni. Walimwita Kufuli. Yeye mwenyewe alilijua, maana siku moja alilisikia akiwa chooni, wenzake wakicheka mlangoni. Alinawa mikono, akatoka, akawapita akarudi mezani kwake. Sitaki kumpamba: alikuwa mwanamke mkavu, salamu zake za kuhesabika, na ukimwomba kitu jibu lilishatoka kabla hujamaliza.

Alirithi kwa baba. Mzee Ametepe alikuwa mtunza stoo wa shule huko Taviefe, na kipande cha chaki hakikuwahi kuvuka mlango wake bila idhini. Makatoni yamejaa mpaka darini, watoto wake wa kuzaa wanaandikia mkaa ukutani. Walimu walimchukia mpaka basi. Mzee alikuwa akirudi jioni anakula akple yake, ule ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia, analala fofofo. Dzifa alimpenda baba yule kuliko mtu yeyote duniani.

Kazi ya Dzifa ilikuwa kompyuta za ofisi nzima, na katika kazi hiyo, lililomletea chuki ni printa. Zamani kila mtu alichapa anakotaka. Printa ya rangi ilikaa ghorofani, kazi yake ikiwa ramani za viwanja, lakini nani asiyejua ilivyotumika? Akifiwa mtu yeyote pale ofisini, vijitabu vya mazishi vilitoka humo, marehemu katabasamu, maua pembeni, nyimbo na wasifu, mamia kwa mamia. Bosi Adzraku alijua, akajifanya hajui. Msiba ni msiba.

Basi dereva akafiwa na mjomba wake, wino mwekundu ukaisha, na kesho yake ikachapwa ramani ya mteja. Mpaka wa kiwanja, ambao huchorwa kwa nyekundu, ukatoka umefifia hata huuoni. Fundi akajenga ukuta ndani ya shamba la jirani. Mapanga yakatolewa, kesi ikaenda kwa chifu, na Adzraku akarudi kutoka huko na hasira, akamwita Dzifa ndani na kufunga mlango.

“Dzifa! Kuanzia leo ile printa tuione mimi na wewe tu. Wengine wote wafungie!”

Dzifa akawafungia, tena kwa ufundi. Wa hesabu wakabakiziwa printa yao ya hesabu, wa mapokezi yao ya mapokezi, zote za wino mweusi. Ukitafuta nyingine kwenye kompyuta yako huioni, na mahali pa kuongeza printa hapapo tena.

“Jamani, huu si uchawi?” alilalamika karani mmoja wa ghorofani. “Printa hii hapa, nimeiegemea kwa kiwiko, halafu kompyuta inaniambia haipo!”

Adzraku hakumwambia mtu kwamba amri ilikuwa yake. Alipoulizwa alikuna kichwa, akasema, “Hayo mambo ya mtandao muulizeni Dzifa.” Na Dzifa hakujitetea. Alimwona baba yake katika jambo lile, akajisikia vizuri.

Hapo ndipo Sitsofe Kumordzi wa idara ya hesabu alipofiwa na mama. Sitsofe alikuwa mchangamfu, mdomo mali yake, na alishawaahidi ndugu zake kwamba vijitabu waviache, ofisini kwake watachapa. Hakujua kwamba naye amefungiwa mpaka Alhamisi, mazishi Jumamosi. Maduka yote ya rangi mjini yalikuwa yamejaa misiba ya watu wengine. Akaja mezani kwa Dzifa, kitambaa chekundu cha msiba kichwani.

“Dada yangu, nifungulie nusu saa tu. Karatasi nimenunua mwenyewe. Hata wino nitarudisha.”

“Hapana.”

“Dzifa, ni mama yangu.”

“Nimesikia. Pole sana. Lakini hapana.”

“Hivi wewe ulizaliwa au ulichongwa?” Sitsofe akapaza sauti, ofisi nzima ikageuka. “Nusu saa! Mama yangu yuko kwenye barafu, unaniambia hapana kama mtu aliyekuja kuomba chumvi?”

Dzifa akageukia kompyuta yake. Sitsofe akaenda kuchapa nyeusi stendi ya magari. Jumamosi, wageni wakishika kijitabu waliona doa jeusi lenye kilemba. Shangazi mmoja kutoka Kpando akauliza kwa sauti, “Huyu nani?” Ofisi yote ilikuwepo na ilisikia. Dzifa naye alikuwepo, kakaa mwisho kabisa, na hakuna aliyempa hata maji ya kunywa.

Mwaka haujaisha, Mzee Ametepe akafa.

Ofisini walinong'ona weee! Sasa tutaona. Kufuli atajifungulia mwenyewe au hatajifungulia? Dzifa alijua kabisa wanangoja nini. Alimwita mdogo wake Selasi, akampa pesa mkononi, akamwambia: “Vijitabu kachape dukani. Wakikwambia foleni, panga foleni. Sitaki karatasi hata moja itoke ofisini kwangu, umenielewa?”

“Nimekuelewa, dada.”

Baba hakuwahi kuchukua chaki. Hatazikwa na wino wa watu. Hilo tu ndilo alilotaka Dzifa katika msiba ule. Mengine yote, jeneza, turubai, tarumbeta, aliwaachia wajomba.

Jumamosi ikafika, na ofisi ikaja Taviefe basi zima. Hawakuja kwa mapenzi. Walivaa nyeusi zao, wakakaa kwenye viti vya plastiki, na vijitabu vilipogawiwa walivigeuzageuza kama mama anayekagua samaki sokoni. Sitsofe alifungua ukurasa wa kwanza, akauinua kwenye mwanga, akamgusa jirani yake. Jirani akamgusa mwenzake. Mstari mzima ukaanza kucheka chini chini.

Printa ya rangi ya Adzraku ilikuwa na ugonjwa. Kila karatasi iliyotoka humo ilikuwa na mstari mwembamba wa waridi ukingo wa kulia, juu mpaka chini. Kwenye ramani walikuwa wakiukata kwa kisu kabla ya kumpa mteja. Ulijulikana kwa kila mtu pale ofisini, lakini mtu wa nje angejuaje?

Dzifa alichukua kijitabu. Baba yake alikuwa anamtazama, rangi nzuri, koti la kahawia. Na pembeni, mstari wa waridi. Akamvuta Selasi nyuma ya turubai.

“Umechapa wapi?”

“Dada, usikasirike. Nilikufuata ofisini, nikaambiwa umeenda mochwari. Bosi wako akaniona, akasema lete flashi hapa, nikusaidie. Mtu mwema sana yule! Pesa yako hii hapa, nilitaka kukufurahisha.”

“Umeniua, Selasi,” alisema Dzifa. “Umemuua na baba.”

Aliporudi, alimtafuta Adzraku kwa macho. Bosi alikuwa mstari wa mbele, kavaa vitambaa vya heshima, kaleta na pombe za wazee. Macho yao yakakutana. Adzraku akainama akaanza kufunga kamba ya kiatu, ilhali amevaa ndala.

Ukafika wakati wa rambirambi. Mtangazaji akaita kila kundi, na wa ofisini wakamtuma Sitsofe. Alishika maiki kwa mikono miwili, sauti tamu kabisa.

“Tunaipa pole familia. Mzee wetu amependeza, hakuna atakayeuliza huyu nani. Na rambirambi hii inatoka kwa sisi wenzake Dzifa, sisi ambao hatuioni printa ya rangi!”

Basi zima likaangua kicheko. Watu wa Taviefe hawakuelewa, wakacheka kwa adabu. Dzifa alisimama kando ya jeneza la baba yake. Neno moja lingetosha, jina moja tu. Alimngoja mwenye jina aliseme mwenyewe. Mwenye jina aliomba maji.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa Adzraku bila kubisha hodi.

“Waambie ni wewe.”

“Aa, Dzifa, tulia. Nilikufanyia wema. Nikisema ni mimi, kesho wote watakuja na misiba yao kwangu. Wewe wameshakuzoea.”

“Wamenizoea?”

“Ndiyo. Hayo yatapita.”

Dzifa akatoka. Alikaa kwenye kompyuta yake, akaliingiza jina la Sitsofe miongoni mwa wanaoiona printa ya rangi, kisha akaenda kusimama mezani kwake.

“Fungua uangalie. Ipo. Niletee picha ya mama, umchape unavyotaka. Ule mstari nitaukata mimi.”

Sitsofe hakugusa kitu. Safari hii hakuwa na mzaha.

“Mama yangu nilishamzika. Nilimzika na uso mweusi kama sufuria, na wewe umekaa kule nyuma unatazama. Sasa unataka nimfukue nimwonyeshe rangi?”

“Sikuchapa mimi, Sitsofe.”

“Basi amechapa nani? Mnaoiona ni wawili.”

Dzifa akatazama mlango wa bosi.

“Nitolee kitu chako kwenye kompyuta yangu,” alisema Sitsofe.

Akamtolea. Alirudi akalifuta jina la Sitsofe, na mkono ulipokuwa hapo hapo akalifuta na la kwake mwenyewe. Likabaki moja.

Saa sita mchana mlango wa bosi ukafunguliwa. “Dzifa! Karatasi imekwama kwenye printa ya rangi, njoo uitazame!”

Ofisi nzima ikainua vichwa.

“Mimi siioni, bosi,” alijibu Dzifa kwa sauti ya kufika mpaka mapokezi. “Unaiona peke yako.”