Orvo Kangas Anauvalisha Mlango Koti

"Nimevunja barafu ili nipate meno ya kulia mkate!"

Bibi Lempi alikuwa amesimama katikati ya jiko, kofia ya sufi imemfika kwenye nyusi, glasi mkononi. Ndani ya glasi meno yake ya bandia yalikuwa yamenaswa na barafu, yanacheka peke yao.

"Tazama, Orvo! Hayo ni meno ya mama yako. Yamekuwa kama samaki wa ziwani."

"Si ufunge dirisha, Mama," Orvo akasema, macho kwenye kikombe chake.

"Dirisha limefungwa tangu Oktoba! Baridi haitoki dirishani, inatoka chini. Inatoka gereji yako, inapanda sakafuni, inanishika magoti kama mkwe mwenye shida."

Darlene, mke wa Orvo, alikuwa anageuza mayai kwenye kikaango. "Mimi nilisema. Tangu majani yanadondoka nilisema. Ule mlango wa gereji ni bati tupu, nikipiga chafya ndani unatetemeka."

"Na Elma amenipigia tena," Bibi Lempi akaendelea. Elma ni binti yake, anaishi Arizona, kule ambako Januari watu wanatembea na kandambili. "Anasema chumba kipo. Sanduku liko wazi kitandani kwangu. Jumapili ijayo meno yakiganda tena, naondoka. Na huko sirudi."

Orvo akaacha kutafuna.

Mimi nilikuwa pale kwa sababu naishi nyumba ya pili na kahawa ya Darlene haina choyo. Kwa hiyo niliona. Yule mzee ana mikono kama makoleo. Amekaa miaka na miaka akiendesha yale malori makubwa ya mgodi wa chuma, gurudumu moja linamzidi mtu kimo, na sijawahi kumwona ameshtuka. Lakini hilo la sanduku lilimwingia. Nyumba ile alijenga baba yake. Baba alipofariki, Orvo alijenga chumba cha mama juu ya gereji, ubao kwa ubao, akaweka dirisha linalotazama barabara ili mama aweze kuona nani kachelewa kanisani na kumsema. Kila asubuhi wawili wale wanakunywa kahawa na kubishana kama leo theluji itaanguka au la. Hayo ndiyo maongezi yote ya Orvo kwa siku nzima. Yakishaisha hayo, ni kuguna tu hadi kesho.

Sasa huku kaskazini mwa Minnesota, mwanaume hamwambii mama yake "usiende". Haipo hiyo. Anakwenda kuchukua vifaa.

Jumamosi nikamkuta gerejini. Mlango wa gereji zetu ni mpana kama ukuta mzima, umeungwa vipande vipande, ukiubonyezea kitufe mota inauvuta unapanda hadi unalala chini ya dari. Wa Orvo ulikuwa bati jembamba, na pembeni mwanga wa nje ulikuwa unapenya kama kwenye banda la kuku. Na boila linalopasha nyumba nzima joto liko humo humo gerejini. Yaani nusu ya gesi ya mzee ilikuwa inaipasha joto theluji ya barabarani.

Alikuwa amenunua bodi za povu gumu, lile jeupe wanalofungia televisheni mpya. Anapima kipande cha mlango, anakata povu, anapaka gundi, anabandika. Mdomoni ana penseli, mkononi ana kisu cha mkate.

"Orvo!" Darlene akatokeza kichwa kutoka jikoni. "Hicho ni kisu changu cha mkate!"

"Na hili ni mkate. Tazama linavyokatika."

Punje nyeupe zikajaa kila mahali. Zilimganda kwenye ndevu, zikaingia kwenye kahawa yangu, zingine nilizikuta kwenye soksi baada ya siku kadhaa. Alipomaliza povu akaweka mpira mnene chini ya mlango na mingine pembeni, ule mwanga wote ukazimika. Angeishia hapo ingekuwa safi kabisa. Lakini Orvo ni Orvo. Akaanza kupigilia na mbao nyembamba juu ya povu.

"Mzee Orvo, za nini tena hizo?"

"Gari likiligusa povu linavunjika. Koti lazima liwe na bitana, kijana."

"Na zile springi za juu zinazobeba mlango? Zitaweza uzito huo?"

"Zimeweza tangu enzi za baba."

Basi, akabonyeza kitufe. Mota ikaguna kama ng'ombe anayezaa. Mlango ukapanda shubiri moja, ukasita, ukafikiri, ukarudi chini. Akabonyeza tena. Safari hii haukupanda kabisa.

Darlene alikuwa mlangoni amekunja mikono. "Hongera, mume wangu. Umejenga ukuta. Na gari langu liko ndani ya ukuta. Kwaya nitaenda na nini?"

"Kanisa siyo mbali."

Darlene akamtupia jicho lenye baridi kuliko nje. Nikakumbuka nina kazi kwangu.

Jumapili asubuhi nikarudi, kuangalia kama Orvo bado anaishi. Nikamkuta mezani, na Bibi Lempi anashuka ngazi bila kofia. Bila kofia! Sikujua kama yule bibi ana nywele nyingi vile. Meno yako mdomoni, mashavu mekundu.

"Nimelala kama mkate kwenye tanuri," akasema. "Blanketi la pili nimelitupa chini."

Orvo akainamia kikombe chake ili tusimwone anavyocheka. Darlene naye akameza maneno yake pamoja na yai.

Halafu bibi akaenda gerejini kuchukua siagi, na tukasikia ukelele.

Huku kwetu theluji ya kwanza ikishaanguka, nani anaweka chakula cha akiba kwenye friji? Kinakaa gerejini. Nyama ya paa, keki za Krismasi, supu, vyote vinapangwa pale, baridi ya Mungu ni ya bure. Na wiki nzima Bibi Lempi na wanawake wa kanisa la Kilutheri walikuwa wanatengeneza pasti. Pasti ni kama sambusa iliyonenepa, inaokwa, ndani ina nyama, viazi na vitunguu. Zilikuwa bado mbichi, zimeganda, zimejaza rafu nzima zikisubiri mnada wa Jumamosi, kuchangia mafuta ya kupashia kanisa joto. Na huyu bwana alikuwa ameipa rafu joto.

"Zimelainika!" Bibi Lempi alikuwa ameshika moja, inalegea kiganjani. "Zimelainika kama shavu la mtoto! Zikishayeyuka hazigandishwi tena, si unajua? Orvo, umefanya nini?"

"Ulitaka joto, Mama."

"Nilitaka joto juu! Nani alikuambia lipitie chini kwanza? Wale wanawake watanitia mimi kwenye unga. Nitawatazamaje? Darlene, nipe simu. Nampigia Elma, naondoka leo leo."

Darlene alimtazama Orvo. Mimi nilimtazama Orvo. Yeye alisimama, akaitazama ile rafu, akautazama mlango wake, akakohoa. Halafu akatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

"Ziokeni leo. Muuze leo. Hapa hapa gerejini."

"Leo? Na nje kuna baridi ya kukata masikio? Nani atakuja kusimama gerejini?"

"Hii haina baridi, Mama."

Bibi akairudisha pasti rafuni. Akaweka mkono ukutani. Ukuta haukuwa na baridi.

Basi simu zikalia mtaa mzima. Tanuri la Darlene, la shangazi yangu, la mchungaji, yote yakawashwa. Wanaume wanne tukauinua mlango kwa mabega, Darlene akatoa gari lake huku anaimba, meza zikaingia, mlango ukashushwa. Watu wakaingilia jikoni. Walikuja kwa ajili ya pasti na wakabaki kwa ajili ya joto. Nikaona wazee wanavua makoti gerejini Januari, kitu ambacho sijawahi kuona. Wengine walikuwa wanabonyeza povu kwa vidole kama wanachagua parachichi, wanamuuliza Orvo gundi gani. Hjalmar wa ng'ambo ya barabara aliomba tomato sosi ya kulia pasti, akazomewa na wale wanaosema pasti inaliwa kwa mchuzi tu.

Na nani alikuwa mlinzi wa mlango wa jikoni? Bibi Lempi.

"Funga nyuma yako! Wewe mwenye kofia, funga! Unafikiri tunaipasha barabara joto?"

Pasti zilipobaki chache, bibi akapotea. Mara tukasikia ngazi: gubu, gubu, gubu. Kitu kizito kinashushwa. Akatokea anaburuta lile sanduku la Arizona, koti mwilini, kofia kichwani. Watu wakageuka. Orvo alikuwa anakunja meza. Mkono ukabaki hewani.

"Mama."

"Mama nini? Shika huku, mgongo wangu unauma."

Akalifungua. Lilikuwa tupu. Akaanza kupanga ndani pasti zilizookwa, siagi, na mguu mzima wa paa.

"Friji yangu si umeiharibu? Lichimbie kwenye theluji nyuma ya jiko. Lina kufuli, mbweha hawezi kulifungua."

Orvo akalitazama sanduku. Akakohoa. "Na Elma?"

"Elma aje yeye. Aje na machungwa."

Orvo akalifunga kufuli. Alilinyanyua sanduku lote kwa mkono mmoja, akatoka nalo nyuma, na kwa dirisha la jiko nikamwona anachimba kwa koleo haraka haraka, kama mtu anayeogopa mwenye sanduku atabadili mawazo.

Aliporudi, Hjalmar alikuwa anaingia tena, pumzi juu juu. "Orvo, gari langu limekataa kuwaka. Betri imekufa kabisa."

Orvo akachukua waya za kuunganishia betri zilizotundikwa kwenye msumari.

"Na fundi wa springi nimeshampigia," Darlene akamwambia. "Anakuja kesho. Wewe usiziguse."

Orvo akaguna, akavuta kofia masikioni, akamfuata Hjalmar.

"Funga mlango!" Bibi Lempi akapiga kelele nyuma yake.

Akarudi hatua mbili, akaufunga, akaenda.